Ng'ombe wa Mahari Aliyegeuka Sarafu

Benchi ni langu, kahawa ni yangu, kelele ni zao. Mimi Kaswera nilitoka Butembo nikiwa na birika mbili na kaka mmoja, na hadi leo sijui kati ya hao nani amenifaa zaidi. Kaka yangu Théophile alifungua chumba cha mbao hapa Kitshanga, huku Masisi, karibu na soko, akaweka televisheni mbili, mashine za michezo ya video na jenereta ya mafuta tunayoiita groupe, akakiita "salle". Mimi nikaegemeza benchi nje ukutani, panapopiga jua la asubuhi. Ng'ambo ya barabara zinaanza hema za kambi ya waliokimbia makwao, na nyuma ya hema kuna kilima ambacho kabla ya vita kilijaa ng'ombe na siku hizi kimejaa nyasi tu. Wanaume wanaokaa hapa nawajua kwa koo zao: nani anakunywa kwa sukari, na nani anakunywa kwa maneno. Asubuhi ile walikuwa watatu na nusu, na wote wamenuna kwa sababu ya mchezo.

Mchezo wenyewe, au jeu kama wasemavyo hapa, tunauita Ngombe. Jina lake la kweli limeandikwa kwa maandishi ya Kijapani na hakuna aliyewahi kulisoma. Ilikuja Ngombe ya Kwanza, tukaipenda. Ikaja Ngombe ya Pili, watu wakasahau kula. Unapewa kilima na zizi, ng'ombe unawaandika majina unayotaka, na jua likizama wezi wanatoka migombani, hivyo ole wako kama hujafunga zizi. Sasa Théophile ameleta Ngombe ya Tatu kutoka Goma. Kule dukani walimwambia atoe ya zamani ndipo apewe mpya, naye akatoa, pamoja na kadi iliyotunza kumbukumbu za michezo yetu yote. Siku ya kwanza watu walisimama hadi barabarani kuitazama hiyo mpya. Kabla ya Jumapili salle ilikuwa tupu, na wachezaji walikuwa kwangu nje, wanajadili kwa nini furaha haiji.

Aliyeanza ni Lévi, fundi wa simu. Tunamwita Courant, kwa sababu kwake kila ugonjwa unatoka kwenye umeme, hata hasira za mke wake.

— Mi nilishasema, iko courant. Groupe ya Théophile inatoa courant ya kuruka-ruka. Ngombe ya Pili ilikuwa na roho nguvu, ilivumilia. Hii ya Tatu iko laini. Courant ikiruka, utamu unaungua.

— Utamu unaunguaka?

— Unaungua kabisa. Picha inabaki, utamu unaenda.

Aliyeuliza ni Mbonigaba, ambaye hapa kijiweni ni Satelite. Yeye anaamini kila jambo la dunia linaonwa kutoka juu na kupangwa hukohuko. Tena ana ugonjwa wa methali. Anazipenda sana, ila zenyewe hazimpendi.

— Courant iko na haki kidogo, akasema Satelite. Haba na haba hujaza kibaba.

— Unataka kusema nini?

— Nasema groupe inavuja mafuta.

— Na methali inaingia wapi pale?

— Si inavuja kidogo-kidogo? Angalia chini, kibaba imejaa.

Wa tatu alikuwa Papa Sebahire, anayeitwa Papa Éleveur, maana yake mfugaji. Huko kwao Nyamitaba alikuwa na kundi la kweli. Vita vilichukua ng'ombe vikamwachia cheo. Katika Ngombe ya Pili alikuwa ameandika majina ya ng'ombe wake wale wale, mmoja mmoja, na kila asubuhi aliingia kwa Théophile kuwaita. Hii ya Tatu alikuwa akiicheza kama mtu aliyeandikiwa dawa chungu.

— Papa Éleveur, leo ulicheza? Courant akauliza.

— Nilicheza.

— Na?

— Iko muzuri.

— Sasa juu ya nini unasema vile muntu ya kilio?

— Nasema iko muzuri. Majani iko muzuri. Ngombe unaona nyoya moja-moja. Hata mukia inafukuza nzi. Nilikaa pale na manette ya kuchezea mu mukono, nikangojea nifurahi. Nilingojea sana.

— Labda hauyaizoea bado.

— Naizoea kila siku! Najilazimisha. Mama Mukankusi, bibi yangu, aliniuliza hivi: Papa, unaenda kucheza ao unaenda ku kazi?

— Furaha ya kulazimisha haikuje, akasema Satelite. Mwenda pole hajikwai.

Hakuna aliyemuuliza. Nilimjazia kikombe ili mdomo upate kazi nyingine.

— Ngoja niwaambie, Sebahire akaendelea, naye si msemaji. Mu hii ya Tatu jua haizamaki. Muliona?

— Tuliona.

— Ngombe zinarudi ku zizi zenyewe. Hauziite. Unaita jina, hazigeuke hata kichwa, juu haziko na jina. Na mwizi haiko.

— Haiko hata mumoja, akasema Courant. Mi nilizunguka mpaka nyuma ya migomba. Hakuna muntu.

— Sasa! Muntu ya Masisi aingie mu jeu ya ngombe, atoke bila kuibiwa? Ile iko jeu ao iko uongo?

Hapo Satelite akaweka kikombe chini. Mimi nikajua ameshapanda angani.

— Wezi waliondolewa, na mi najua nani aliwaondoa. Bale benye kutengeneza jeu banatuangaliaka. Satelite inapita juu ya Masisi kila siku. Baliona ngombe zetu zinaenda mustari moja, na bunduki nyuma. Bakasema: angalia, bale bantu banajifunza bwizi mu jeu yetu. Tuitoe.

— Benye kuiba ngombe zetu walicheza Ngombe ya Pili? Wapi?

— Hapana, Courant, unarudisha nyuma. Wezi ya mu jeu njo ilijifunza kwetu. Mu jeu walikuwa wanatoka mu migomba, si vile? Na ku Nyamitaba walitoka wapi? Mu migomba! Muntu ya Japon alijua je?

— Kwangu walikuja na barabara, akasema Sebahire. Saa ya muchana. Na camion.

Lori lilipita sokoni likapiga honi, kwa bahati, na watu wakapata kitu cha kutazama. Nilimimina kahawa.

Sasa lazima niwaeleze yule nusu. Kwenye ncha ya benchi alikaa Nsengimana, mwenye pikipiki, kijana mwenye adabu na mwenye haraka, vitu ambavyo ni nadra kukaa pamoja. Anampenda Uwamariya, binti wa Sebahire, anayeshona nguo hapo sokoni, na Uwamariya anampenda, nimewaona. Sebahire alitaka mahari ya ng'ombe mmoja. Nsengimana alimpata, yuko kwa mjomba wake huko milimani. Lakini kumtembeza ng'ombe kwenye barabara zile ni sawa na kuwapikia wenye bunduki chakula cha jioni. Basi wazee wa pande zote mbili walikaa hapa, kwenye benchi langu, wakakubaliana hivi: ng'ombe atolewe kwanza ndani ya Ngombe ya Pili, mbele ya mashahidi, awe amana ya mahari. Yule wa nyama atafuata barabara zikipona. Msicheke. Mimi nilishacheka kwa niaba yenu.

Siku ile salle ilijaa mpaka dirishani. Nsengimana alimfunga kamba ng'ombe wa rangi ya udongo aliyemwandika Bihogo, akamvuta taratibu, akampitisha kwenye uzio hadi kilima cha Sebahire. Sebahire akasimama, akavua kofia, akamsifu Bihogo pembe na mwendo kama walivyosifu baba zake. Kisha watu wakanywa bia. Tangu hapo Nsengimana hakukaa tena kwenye benchi kama Sebahire yupo, kwa sababu kwao mkwe haketi benchi moja na baba wa mke wake. Alikunywa kahawa akiwa amesimama kando ya pikipiki yake, na sijapata kuona mtu anayefurahia kusimama kama yeye.

Ndipo kaka yangu akapeleka Ngombe ya Pili Goma, na Bihogo akaenda nayo. Sebahire alipouliza ng'ombe wake yuko wapi, Théophile alimwonyesha hiyo mpya. Nsengimana, masikini, akasema si kitu, nitatoa mwingine. Akamfunga ng'ombe kamba, akamvuta hadi getini. Ila katika Ngombe ya Tatu hakuna kumpa jirani. Kinachopita getini kimeuzwa. Kengele ikalia, ng'ombe akayeyuka, na sarafu zikamwagika ndani ya mfuko wa Sebahire, mbele ya mashahidi walewale. Sebahire aliweka manette chini polepole. Akasema binti yake si wa kuuzwa. Kisha akamwambia Nsengimana maneno mabaya kuliko tusi: kuja ukae ku banc, sawa bengine. Na Nsengimana akakaa. Alikuwa bado amekaa, tako moja ndani, moja nje, na harusi haikutajwa tena. Uwamariya hakuna aliyemuuliza anaonaje. Mimi nilimuuliza, akasema anashona.

— Papa, akasema Nsengimana asubuhi ile, mi sikuuza. Nilivuta kamba.

— Kamba niliiona. Na sarafu niliziona.

— Iko mashine njo iliuza.

— Basi mashine njo ioe?

Satelite akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwenye elimu.

— Mutoto wa nyoka ni nyoka.

— Nani iko nyoka? Sebahire akageuka.

— Ngombe ya Tatu. Mama yake ni Ngombe ya Pili. Angalia sasa, hazifanane hata kidogo.

— Dawa iko, akasema Courant. Musikilize. Nsengimana avute ngombe mpaka getini. Akifika katikati kabisa, mi nazima groupe. Kengele haitalia. Ngombe itakuwa haiko kwa huyu, haiko kwa ule.

— Itakuwa wapi?

— Mu courant.

— Munipe mahari mu giza? Sebahire akasema. Na ile ya mu giza nitaisifu pembe gani?

Kusikia groupe inatajwa, Théophile alitoka, anafuta ile disque mpya kwa shati lake. Amenenepa kaka yangu, na kila kitu anakifuta kwa shati.

— Mbona munaharibia jeu yangu jina? Goma bote banaipenda.

— Goma bako na ngombe? nikamuuliza.

— Dada, wee pika kahawa. Iko na muziki mupya, Papa Éleveur. Ulisikia muziki?

— Nilisikia. Inapiga hata ngombe ikiwa mugonjwa.

— Rudisha ile ya Pili, Théo, akasema Courant.

— Nilishatuma muntu. Duka ilifungwa. Na barabara ya Sake unaijua vile iko.

Tuliijua ilivyo. Théophile akaangalia disque yake upande mmoja, akaangalia wa pili, akarudi ndani. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Alikuwa amewaletea watu zawadi, akakuta amewaletea kilio.

— Mi nilishafahamu, Satelite akasema taratibu. Ule muntu ya Japon mwenye kutengeneza ile geti haiko na baba-mukwe.

— Unajua je?

— Muntu mwenye baba-mukwe hawezi sahau kama ngombe inatolewaka bule. Ule anakaa yeye moja, na télé yake. Ao alikuwa naye, baba-mukwe akamukatalia bibi. Alipeleka ngombe, bakairudisha. Alors akaapa: hakuna baba-mukwe mu dunia mzima atapokea tena ngombe. Akaweka kengele ku geti. Njo analipiza.

— Kwa baba-mukwe bote ya dunia?

— Bote. Papa Éleveur iko wa kwanza tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Courant alifikiri sana kuhusu jambo hilo.

— Labda alikataliwa juu ya courant, akasema.

Sebahire hakucheka. Alizungusha kikombe mkononi, akaanza kusema huku anatazama kilima kilichojaa nyasi.

— Munacheza bure. Ngombe iko ngombe. Mi wakati nilioa Mukankusi nilitoa mbili, kwa baba yake, ku Nyamitaba. Moja ilikuwa na mimba. Niliziongoza mi mwenyewe, na fimbo. Harusi ikapita. Kabla hata majani ya harusi ikauke, bantu ya bunduki bakapita kwa baba-mukwe, bakabeba zizi yote. Na zangu mbili ndani.

— Pole, Papa.

— Munajua baba-mukwe alisema nini? Hakusema kitu. Alienda kwa jirani, akaomba maziwa, akaituma kwangu. Alitaka nijue iko sawa, niko mutoto yake. Mpaka anakufa, hakutaja ile ngombe hata siku moja. Ule alikuwa muntu. Yeye hakuna mwenye alimumwagia sarafu mu mufuko.

Wakatikisa vichwa kumsifu marehemu. Nsengimana naye akatikisa, kwa heshima, kwenye ncha yake. Mimi nilianza kuona kitu ndani ya hadithi ile, lakini nilikuwa na maji motoni, na mwanamke akisema jambo kijiweni linahesabiwa ni kelele ya birika.

Hapo akafika mgeni. Ni mama wa makamo, mkoba mgongoni, matope hadi magotini, anatafuta pikipiki ya kumpeleka Mweso. Alisema anaitwa Fifi, ametoka kwao Buleusa, upande wa Walikale, safari ndefu na sehemu kubwa kwa miguu. Nsengimana akasema atampeleka, ila amalize kwanza kahawa yake, jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa abiria. Nikampa Mama Fifi kikombe. Akaketi kwenye jiwe, akasikiliza kidogo, kisha akauliza wanagombania nini.

Walimjibu wote pamoja. Courant akamwambia kuhusu umeme. Satelite akamwambia kuhusu Japani. Sebahire akamweleza geti, kengele, sarafu. Nsengimana akamweleza kamba. Niliwaacha wamalize, halafu nikamweleza mimi kwa mpango: kwamba Bihogo alitolewa, akapokelewa, akasifiwa, na kisha akapelekwa Goma ndani ya ile disque ya zamani.

Mama Fifi alikunywa. Alikuwa mtu wa kunywa polepole.

— Munisamehe, akasema. Kwetu mu pori hatuna ngombe. Tunatoaka mbuzi, na chumvi. Sijue sheria ya ngombe.

— Uliza tu, Mama, Satelite akamruhusu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Naomba niulize kitu moja. Ngombe ikishapokelewa, kisha ikaibiwa, iko imepotea ya nani, ya mwenye kutoa ao ya mwenye kupokea?

Satelite akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta methali, upande huu, upande ule, na hakuna iliyokuja, hata isiyofaa. Courant akainama kuangalia waya ambao haukuwa na tatizo. Ndani ya salle muziki wa Ngombe ya Tatu ulikuwa unapiga peke yake, furaha tupu, hakuna anayecheza.

Mama Fifi alishusha kikombe, akadhani amekosea.

— Kama haiulizwake, munisamehe.

— Inaulizwa, nikasema.

Sebahire aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Kaswera, kahawa iliisha?

Haikuisha. Nilinyanyua birika nikaitikisa, asikie ilivyo nzito. Akashika kikombe, hakukileta kwangu. Aliangalia kilima, akaangalia mlango wa salle, na mwisho, kwa mara ya kwanza tangu siku ya zile sarafu, akaangalia ncha ya benchi.

— Wee.

— Papa, akasema Nsengimana.

— Toka ku banc.

Nsengimana alishika kikombe chake. Akanyanyuka nusu, hajui akae au akimbie.

— Papa, nilikosa tena nini?

— Ulisikia wapi mukwe anakaa banc moja na baba ya bibi yake? Simama!

Alisimama ghafla hivi kwamba benchi liliinuka upande wake, na kahawa ya Satelite yote ikaishia kwenye suruali ya Satelite. Hakuna aliyemwonea huruma. Nsengimana alikwenda kando ya pikipiki yake na kikombe mkononi, akasimama wima, akanywa. Kahawa ile ilikuwa imeshapoa kabisa, nilijua, maana niliimimina mimi, na alikunywa mpaka mashapo.

Sebahire akavaa kofia, akaelekea mlangoni mwa salle.

— Unaenda tena kucheza? Courant akamuuliza. Si ulisema haina ladha?

— Haina. Lakini leo siende kutafuta furaha mule, akajibu, akaingia.

Nami nikamwendea jirani yangu anayeuza maziwa, nikaomba kibuyu kimoja. Nilimwambia Nsengimana akirudi kutoka Mweso apite kwangu akichukue, kimetumwa na baba mkwe wake. Sebahire hakuwa amekituma. Lakini aliponisikia kutoka ndani hakukanusha.